Aliyeachwa Amesimama Juu ya Paa

Ninyi vijana mtakaosoma haya, someni mkiwa mmekaa. Nawaona siku hizi, mtu anasoma huku anatembea, anaamkia wakubwa zake bila kuinua macho, "shikamoo" inakwenda kwa mtu na uso umebaki kwenye simu. Kaeni chini. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kisha mjukuu wangu Prisca akayapiga kwenye simu. Nilimwambia anyooshe herufi tu, maneno ayaache. Kwa hiyo mkikuta neno limekaa kikwetu, na ninyi liacheni likae.

Jambo lenyewe limetokana na mchezo. Prisca alinunua mchezo wa kwenye simu, wa bei ya soda. Baba yake, yaani mwanangu, alipouona akacheka, akasema hivyo ndivyo ilivyokuwa michezo ya kompyuta za mwanzo kabisa, na sasa kuna watu wanaitengeneza upya kwa makusudi ionekane ya kizamani. Sikuelewa kwa nini mtu ahangaike kutengeneza kitu kipya kiwe kama kibovu. Mtu aliyemo ndani ni vipande vya mraba vilivyopangwa, kama maua tunayosuka kwenye vikapu: kichwa mraba, mguu mraba, fulana ya kijani. Kazi yake ni kukimbia juu ya vijukwaa vilivyoning'inia hewani, anaruka hiki anakwenda kile, anaokota vitu vya njano kama punje za mahindi. Chini yake ni giza. Akikosea anatumbukia, simu inalia kidogo, halafu anatokea tena kule mwanzo, mzima, kana kwamba hakuna lililompata.

Nyumba yetu hapa Mandewa ina sheria, na sheria ni zangu. Mtoto akiitwa anaitika na anakuja. Sitaki kusikia "nakuja bibi," sitaki kusikia "namalizia." Basi alasiri moja nilimwita Prisca akachote maji kabla bomba halijakatika. Akaitika, akaiweka simu kwenye benchi la barazani, akachukua ndoo akaenda. Nikainama niizime ile simu isimalize chaji, ndipo nikamwona yule mtu. Alikuwa amesimama kwenye kijukwaa chembamba, mbele yake shimo, nyuma yake shimo. Kwa kuwa hapakuwa na wa kumwendesha, alikuwa anageuza kichwa. Anatazama kushoto, anatulia. Anatazama kulia, anatulia. Kisha anakutazama wewe. Halafu kijukwaa kikaanza kutikisika chini ya miguu yake.

Nilikaa kwenye benchi. Nyumba hii ni ya bati na saruji, lakini wallahi nilisikia vumbi la udongo mkavu puani, vumbi la paa, ambalo sikuwa nimelinusa tangu nikiwa mtoto.

Nimezaliwa upande wa Issuna, katika nyumba ya tembe. Wengi wenu hamkuikuta. Ni nyumba ndefu ya miti na udongo, inazunguka zizi pande tatu, na paa lake ni bapa: boriti, juu ya boriti fito, juu ya fito nyasi, juu ya nyasi udongo ulioshindiliwa. Upande wa nyuma paa lilikuwa chini kiasi kwamba mbuzi mkorofi aliweza kupanda. Sisi tulipandia kwenye kona moja, kwa gogo lililochongwa vidato. Huko juu ndiko tulikoanika uwele, maboga yaliyokatwa na michembe ya viazi. Watu wazima hawakupanda. Kazi ya paa ilikuwa ya watoto, kwa ajili ya wepesi wao, na ukianza kunenepa au kuota kifua unaambiwa sasa basi, shuka, mwachie mdogo wako. Mimi sikujua kwamba sababu ni uzito. Nilidhani watu wazima wanaogopa. Nilikuwa nikisimama kule juu namtazama mama utosini, najiona mimi ndiye mkubwa wa ule mji.

Aliyenitangulia kuzaliwa ni dada yangu Agata. Alikuwa na miguu mirefu na mdomo mchafu kidogo, Mungu amrehemu. Tukishamaliza kuanika tulikuwa na mchezo wetu. Unaanzia kwenye kona ya gogo, unakimbia juu ya boriti, kwa sababu katikati ya boriti na boriti paa linabonyea, unafika kwenye uwazi wa lango la ng'ombe, unaruka, unaangukia upande wa pili, unakwenda mpaka kona ya mwisho, unachukua kipande kimoja cha mchembe. Ukianguka unaangukia zizini kwenye samadi, laini tu. Sheria ilikuwa hii: aliyeanguka anazunguka nyumba, anarudi kwenye gogo, anaanza upya. Mara nyingi aliyeanguka ni mimi. Agata alikuwa akinisubiri juu ya kona, ananiona natokea na samadi mpaka masikioni, anasema, "Huyo bibi harusi anakuja, mpisheni."

Upande mmoja wa nyumba hatukuruhusiwa. Ni chumba cha babu. Alipofariki, mlango wake ulizibwa kwa miiba, na kuanzia hapo hakuna aliyeongeza udongo juu ya chumba kile wala kubadilisha mti. Kwetu ndivyo ilivyokuwa: chumba cha mwenye mji kinaachwa kijiangukie chenyewe, hakishikwi na mtu. Mchwa walikuwa wakila taratibu. Ukikaa kimya unawasikia.

Siku ile hatukuwa tunacheza. Tulikuwa tunageuza uwele. Kitoto cha mbuzi kilikuwa kimepanda kwa nyuma na kinakula, mama akapiga kelele kutoka chini kwamba mbona mnakitazama. Agata akakifukuza. Mbuzi yule alipita juu ya chumba cha babu, tik tik tik, akarukia upande wa pili. Agata akapita palepale. Haukuwa mlio mkubwa. Ulikuwa kama mtu mzito aliyeketi kwenye majani makavu. Vumbi likapanda, na Agata hakuwepo.

Sikwenda kuchungulia shimo. Nilikimbia nikaenda kwenye kona ya gogo, kwa sababu pale ndipo angetokea. Nikachutama nikimsubiri azunguke nyumba, na maneno ya kumtania nilikuwa nimeshayaandaa. Nilisikia mama analia, nikasikia watu wanavunja miiba ya mlango wa babu, na mimi nilichokuwa nacho moyoni ni hasira tu, kwamba huyu mbona anachelewa. Baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge, hivyo aliyekuwa mwanamume wa mji ni baba mdogo. Yeye na majirani walimweka Agata kwenye kitanda cha kamba wakakibeba mabegani kumpeleka kwenye zahanati ya wamisionari. Walipita chini yangu kabisa. Nikamwita, "Agata, unakwenda siko. Gogo liko huku."

Hakugeuza kichwa. Hakuna aliyeniambia nishuke wala aliyeniambia kitu kingine.

Kwa siku nyingi nilishinda pale. Nalisha kuku, narudi kwenye gogo. Natumwa kuni, narudi kwenye gogo. Watu walidhani ni mtoto mwenye huzuni. Mimi nilikuwa zamu.

Aliporudi, alirudi kwa kitanda kilekile, na alikuwa anacheka, tena akawaambia waliombeba kwamba wanatembea kama kuku wagonjwa. Nikaona mambo yamekwisha. Lakini miguu yake haikuamka. Nilidhani imelala ganzi, kama mguu wako unavyolala ukiukalia. Nikawa naifinya ili niiamshe.

"Nimekufinya," nilimwambia.

"Wapi?" akauliza.

Nikafinya zaidi, mpaka pakabaki alama ya kucha. Alikuwa ananitazama usoni, wala hakuwa anatazama mguu, na aliniuliza tena wapi. Basi nikaona dawa ni kumpeleka mwanzo. Mama alipokwenda kisimani nilishika mkeka aliolalia nikauvuta, kidogo kidogo, nikimtoa nje mpaka kwenye kona ya gogo. Nilitoka jasho. Nilipofika nikamwambia tayari, anza. Agata alilitazama lile gogo kutoka chini mpaka juu. Akanishika kisigino, akasema, "Panda wewe. Mimi nitabaki chini, nitakuambia pa kukanyaga."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kitanda chake kiliwekwa chumba cha kati, na yeye alilala chali, hana pengine pa kutazama isipokuwa paa. Mvua zote zile alikuwa analitazama. Sisi wa juu tuliona udongo mmoja tu, wote rangi moja. Yeye aliona boriti moja moja: ile yenye doa la maji, ile iliyopinda, ile inayomwaga unga wa mchwa asubuhi. Mavuno ya uwele yalipofika tena nikapanda peke yangu, na sauti yake ikawa inatoka chini ya nyayo zangu. "Kulia. Hapo. Simama hapo hapo, mbele pameliwa. Kanyaga kwa kisigino, nisikie." Nikakanyaga. "Haya, pita." Alinijua nilipo kwa mlio tu na kwa vumbi lililomwangukia. Kila siku tulikuwa na ugomvi. Atasema nina miguu ya ng'ombe, nimemwagia udongo kwenye uji wake. Mimi naruka kwa makusudi umwagike mwingine. Ananitukana kwa Kinyaturu, matusi ambayo mama akiyasikia anaziba mdomo asicheke. Mama alitaka kukisogeza kile kitanda. Agata alikataa, akasema yeye akisogezwa, huyu mtoto wa juu atakufa.

Sasa niwaambie kitu ambacho mpaka leo kinanikaa kifuani. Agata alikuwa anapungua. Mgongo wake ulikuwa na vidonda kwa ajili ya kulala, na chumba kilikuwa na harufu ambayo mama aliifukizia majani, ikawa harufu mbili. Mikono yake ikawa kama fito. Nilimwona mama akimgeuza kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine umeshika bakuli. Na mimi nilifurahi. Nilikuwa nimeshajua wakati huo kwamba wanaopanda paa ni wepesi, na nikaona dada yangu anafanywa mwepesi ili apande. Kila alivyozidi kukonda nilihesabu kwamba amekaribia. Hata nilimtengea sehemu yake ya uwele wa kugeuza.

Siku ya mwisho wingu lilikuja bila kutegemewa, la mvua iliyochelewa kwenda zake. Uwele wote ulikuwa juu. Mama alikuwa ndani anamwosha Agata, akaniambia nipande nikusanye upesi. Nikapanda na ufagio na kapu, nikauliza nipite wapi. Sauti ikaja, ndogo, nikapiga magoti ili niisikie. "Ile ile ya jana. Nenda."

Nikaenda. Nikafika katikati, nikawa nafagia naweka kwenye kapu, nafagia naweka, naharakisha kwa sababu upepo umeshaanza kunuka maji. Nilipogeuka nirudi, nikakuta nimefagia nyayo zangu. Udongo wote ulikuwa umelingana. Sikujua nimepita wapi.

"Agata, nikanyage wapi?"

Kimya. Nikagonga kwa kisigino, kama alivyonizoesha. Kimya. Nikasema, "Agata, acha utani, mvua inakuja." Ndipo nikamsikia mama chini anamwita Agata, mara ya kwanza kama unavyomwita mtu aliyesinzia, halafu vingine. Halafu mama naye akanyamaza.

Nilisimama pale. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia. Mguu haukutaka kuinuka. Mvua ikaanza, matone makubwa yanayochimba udongo, na uwele ukaanza kutiririka kutoka kwenye kapu langu, na mimi niliuona unakwenda na sikuinama. Baba mdogo alifika mbio kutoka shambani akakanyaga kidato cha kwanza cha gogo, kikalia, akashuka. Hakuweza kuja. Akaniambia rudi.

"Agata hajasema," nikamjibu.

Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amevua kofia na mvua inamnyeshea kichwani. "Leo nitasema mimi," akasema. "Njoo kushoto kwako." Lakini nilimwona macho yake. Alikuwa analitazama paa kama mimi ninavyolitazama, udongo mtupu, hajui chini kuna nini. Sikwenda kushoto. Wala kulia sikwenda. Mwishowe alileta kamba ya ng'ombe, akairusha, nikajifunga kiunoni, nikalala kifudifudi, akanivuta kama mzoga mpaka kwenye kona.

Hawakuniambia chochote siku hiyo. Nilipelekwa nyumba ya jirani nikapewa maziwa. Na baada ya maziko, ninyi mnisikilize, nilirudi kwenye gogo. Nilichutama chini yake, nikamsubiri kama kawaida yangu. Mama alinikuta. Alinitazama mimi, akalitazama gogo, akanielewa. Akalivuta chini, akachukua shoka, akalipasua kuni, vidato vyote, mpaka likawa halijulikani. Hakunipiga. Uwele ulioachwa juu ulimea. Paa lote likawa kijani, na mama alikuwa akitoka asubuhi anasimama uani akilitazama, na hakuna mtoto aliyetumwa kupanda tena.

Haya niliyafungia. Watoto wangu hawakuyajua, wanayasoma hapa pamoja nanyi.

Baada ya ile alasiri ya benchi nilimwambia Prisca anifundishe mchezo wake. Alidhani nataka kumnyang'anya. Tulipoanza, simu haikunisikia. Nabonyeza, mtu wa kijani amesimama tu. Prisca akashika kidole gumba changu akakigeuza geuza, akasema, "Bibi, jembe limekuotesha gamba, simu haikuoni. Lilowanishe." Nikalowanisha, ikaniona. Tangu hapo nacheza jioni, nikishamaliza mambo yangu, na sijapita kijukwaa cha tatu. Naliona shimo. Naliona mapema kabisa, kabla yule mtu hajafika. Nasema moyoni ruka, na kidole kinasema baadaye, na yeye anakwenda tu na fulana yake ya kijani, anatumbukia. Nyumba nzima inacheka. Mkwe wangu, mama Prisca, aliniuliza kwa nini najisumbua na kitu kinachonishinda.

Mimi nilikuwa nimezoea kufikiri habari ile kutoka juu, kutoka kwa yule mtoto aliyesimama mvuani. Sikuwahi kulala kwenye kile kitanda. Sasa ninajua kidogo ilikuwaje kwa Agata kulala chali na kusikia miguu ya mdogo wako inaelekea kwenye boriti iliyoliwa, na huna mkono wa kumfikia, huna mguu, una sauti tu, na sauti yenyewe inakwisha. Yule wa juu aliogopa mara moja. Yule wa chini aliogopa kila siku, na alikuwa anatania.

Juzi Prisca alikuwa anacheza barazani, nami nimekaa nyuma yake natazama. Alikuwa amefika mbali, mahali ambapo vijukwaa vyote vinatikisika. Mama yake akamwita kutoka jikoni. Mtoto, kama nilivyomlea, akaitika, akaweka simu, akasimama. Na yule mtu akabaki, akaanza kugeuza kichwa.

"Rudi," nikamwambia.

Prisca akasema ameitwa. Mkwe wangu akachungulia mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Lakini mama, si wewe uliyesema akiitwa aje hapo hapo?"

Ni mimi. Nikamwita na mwanangu atoke chumbani, wakasimama wote watatu mbele yangu, nikawaambia sheria imebadilika, na nitakayoisema sitairudia. "Akiitwa na aitike, tumsikie kwamba amesikia. Awe anaitwa na mama yake, awe anaitwa na mimi, hata kama chakula kinaungua. Lakini katika nyumba hii mtu asimwache mwenzake amesimama katikati. Prisca, kaa chini. Mfikishe kwanza penye ardhi ngumu, ndipo uende jikoni."